Printa ya waifai inapotea kwenye mtandao, hasa umeme ukikatika. Wataalamu njooni

#1 mwl_wa_zamu

Wakuu, heshima kwenu.

Nina printa ya leza, nyeusi na nyeupe, ya mtumba, niliichukua Kariakoo mwaka jana. Kwenye kuprinti sina malalamiko, karatasi inatoka safi kuliko steshenari nyingi za huku kwetu. Shida ni waifai. Nikishaiunganisha inapiga kazi vizuri tu, halafu siku moja natuma mtihani wa wanafunzi, laptopu inaniandikia "Offline". Nazima printa, nawasha, wapi. Nazima ruta, nawasha, pengine inarudi, pengine hairudi mpaka nirudie tena na tena.

Muda wote huo simu, televisheni na laptopu zinashika intaneti bila shida. Ruta ipo sebuleni, printa ipo chumba kinachofuata, katikati ni ukuta mmoja. Siku nyingine simu ya mke wangu inaiona printa wakati laptopu haiioni, siku nyingine zote hazioni kitu. Taa ya waifai kwenye printa nayo vivyo hivyo: kuna siku imetulia, kuna siku inapepesa tu.

Nilichokiona ni kwamba mara nyingi inatokea umeme ukikatika na kurudi. Drava (programu ya laptopu ya kuiendesha printa) nimefuta na kuweka upya mpaka nimechoka. Waya wa USB unafanya kazi, lakini nyumba ina laptopu mbili na mtoto anaprinti kwa simu, siwezi kuhamahama na waya.

Nawasilisha.

#2 kijana_wa_kitaa

Mkuu mtumba huo, uza ununue mpya. Maisha mafupi.

#3 Nahodha_wa_Pemba

Usimsikilize huyo. Ipe printa anwani ya IP (namba yake kwenye mtandao) ya kudumu, kazi imekwisha. Ingia kwenye menyu ya printa, sehemu ya mtandao, toa "Auto" weka "Manual", andika namba. Yangu nimeiweka hivyo, haijawahi kunisumbua.

#4 kijana_wa_kitaa

Haya wataalamu wameshafika, mimi nakaa pembeni na kahawa yangu.

#5 fundi_bila_koti

Mwalimu, kabla hujagusa drava tena, tulia kwanza. Hilo neno "Offline" halikuambii nani kampoteza nani. Kuna matatizo mawili yanayofanana ukiyatazama kwenye laptopu. La kwanza, printa imetoka kabisa kwenye waifai. La pili, printa ipo kwenye waifai lakini laptopu inaitafuta kwenye anwani yake ya zamani. Dawa ya moja haitibu lingine, na drava haihusiki na lolote kati ya hayo mawili.

Nilivyosoma maelezo yako, wewe unayo yote mawili. Siku taa imetulia na simu inaiona, hilo ni la anwani. Siku taa inapepesa na hakuna anayeiona, hilo ni la mawimbi. Nahodha yuko sahihi kwa hilo la anwani tu.

Sasa fanya hivi. Ikipotea tena USIZIME KITU. Watu wengi wanakimbilia kuzima na kuwasha, wanafuta ushahidi wote. Nenda kwenye printa yenyewe, kwenye menyu yake tafuta ripoti ya mtandao uiprinti (printa nyingi zinayo, nyingine ni kushikilia kitufe chenye alama ya i au cha waifai kwa sekunde kadhaa). Hiyo karatasi haihitaji laptopu. Angalia mistari mitatu: jina la waifai, hali ya muunganisho, na anwani ya IP. Ziandike hapa.

Halafu kwenye laptopu fungua sifa za printa, nenda "Ports", angalia namba iliyotikiwa pale. Nayo iandike.

#6 dada_steshenari

Naomba kudandia hapa hapa kaka zangu. Mimi dukani nina kompyuta tatu, mbili zinaprinti vizuri, moja inaandika "Offline" kila siku lakini ukituma kazi mara nyingine inatoka hivyo hivyo. Printa moja, ruta moja. Hii nayo ni anwani?

#7 fundi_bila_koti

Dada, yako ni nyepesi. Kwenye hiyo kompyuta moja nenda "Ports" uangalie. Ukikuta imeandikwa WSD, hapo ndipo penye matatizo. Huo ni mlango ambao Windows inajitengenezea yenyewe inapoigundua printa mtandaoni, na ina tabia ya kusema printa haipo hata kama mnatazamana nayo. Ongeza printa upya kwa njia ya mkono, chagua TCP/IP, andika anwani ya IP iliyopo kwenye ripoti ya printa.

Ukikuta tayari ni TCP/IP, bonyeza "Configure Port", chini kabisa kuna kisanduku cha SNMP. Kitoe tiki. Kompyuta hutumia SNMP kuiuliza printa "upo?", na printa nyingi haziijibu vizuri, hivyo kompyuta inaamini haipo. Kwa kuwa kazi zako zinatoka huku imeandikwa haipo, ninaegemea huku zaidi.

#8 mwl_wa_zamu

Imepotea jana usiku baada ya umeme kurudi. Sikuzima kitu, nimeprinti ripoti kama ulivyosema.

Jina la waifai: la nyumbani kwangu, sahihi.
Hali: imeunganishwa.
IP: 192.168.1.23

Kwenye laptopu, Ports: 192.168.1.17

Taa ilikuwa imetulia. Simu ya mama watoto iliprinti bila tatizo.

#9 fundi_bila_koti

Safi sana. Hapo printa haijaenda popote. Laptopu inaongea na 17, printa imehamia 23. Ni kama unampigia mtu kwenye laini aliyoitupa.

Sababu ni hii. Ruta ndiyo inayogawa anwani, na inazigawa kwa mkopo wa muda, ruta nyingi ni saa 24. Umeme ukikatika, nyingi zinasahau zilimpa nani namba gani. Ukirudi, vifaa vyote vinaamka kwa pamoja na kupiga foleni upya. Simu ikiwahi 17, printa inapewa nyingine. Simu ya mkeo iliiona kwa sababu programu ya kwenye simu inaitafuta printa kwa jina kila mara, haishikilii namba. Laptopu yako inashikilia namba.

Dawa: ingia kwenye ruta (fungua brauza, andika 192.168.1.1, paswedi ipo kwenye lebo chini ya ruta kama hujaibadilisha). Tafuta sehemu ya DHCP, yaani ya kugawa anwani, humo kuna mahali pa kuiwekea printa anwani ya kudumu kwa kutumia MAC yake, yaani namba yake ya utambulisho, zile jozi sita za herufi na namba zilizopo kwenye ripoti yako. Ifunge hiyo MAC na namba moja, tuseme 192.168.1.50. Kisha kwenye laptopu zote mbili andika 50.

#10 Nahodha_wa_Pemba

Kwa nini umzungushe mwalimu wa watu? Aandike 50 kwenye printa yenyewe, dakika moja.

#11 fundi_bila_koti

Nahodha, inafanya kazi, sikatai. Ila ina mitego miwili. Ruta haijui kwamba umejichukulia 50, kesho inaweza kumpa mgeni simu yake namba hiyo hiyo, vifaa viwili vinagongana na vyote vinayumba. Unaweza kukwepa kwa kuchagua namba iliyo nje ya zile ruta inazogawa, kama unajua zinaanzia wapi na kuishia wapi.

Mtego wa pili ni siku ukibadilisha ruta. Ruta nyingi za laini ya simu zinatumia 192.168.8.1. Printa uliyoiandikia 192.168.1.50 kwa mkono itaingia kwenye waifai hiyo vizuri tu, taa itatulia, lakini haitaongea na mtu. Utakuja hapa kufungua uzi.

#12 Nahodha_wa_Pemba

Sawa mkuu, hoja ya ruta nimeikubali. Hiyo ya kugongana mimi yangu iko 200, huko hakuna mtu anayefika.

#13 kaskazi_msa

Salaam kutoka Mombasa. Kaka fundi, yangu ilipotea siku nilipobadilisha mtandao, ruta mpya kabisa. Printa haiioni waifai hiyo hata kwenye orodha. Simu zaona, kompyuta zaona. Nimetafuta mpaka basi. Printa ina miaka mingi kidogo.

#14 fundi_bila_koti

Kaskazi, anza na bendi, yaani masafa ya mawimbi ya waifai. Ruta za siku hizi zina mbili, GHz 2.4 na GHz 5. Printa nyingi za nyumbani, hasa za zamani, zinasikia 2.4 peke yake. Ingia kwenye ruta uhakikishe 2.4 imewashwa, kisha uipe jina lake tofauti na ya 5. Zikiwa na jina moja ruta inaamua yenyewe nani aende wapi, na printa za zamani hazipendi kusukumwasukumwa.

Kisha angalia usalama. Kama imewekwa WPA3 (aina mpya ya ulinzi wa waifai) peke yake, printa ya zamani haiwezi kuingia. Weka WPA2, au ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3.

Na siku nyingine ukibadilisha ruta, mpya ipe jina lile lile na paswedi ile ile ya zamani, herufi kwa herufi. Vifaa vingi vitaingia vyenyewe, hutazunguka nyumba nzima.

#15 kaskazi_msa

Ilikuwa WPA3. Imeingia. Mola akuzidishie kaka.

#16 mwl_wa_zamu

Fundi, nimefunga anwani kwenye ruta, 50 kama ulivyosema. Umeme umekatika na kurudi, printa imebaki 50, laptopu zote zimeprinti. Nikajua nimepona.

Leo asubuhi imepotea tena. Safari hii ni ile ya taa kupepesa. Ripoti inasema:

Jina la waifai: la kwangu.
Hali: haijaunganishwa.
IP: 0.0.0.0

Simu zote zina intaneti. Nimeisogeza printa mpaka sebuleni, mita moja na ruta, bado inapepesa.

#17 kijana_wa_kitaa

Nilisema uza.

#18 dada_steshenari

Wewe kunywa kahawa yako. Mwalimu, hujajaribu kuirudisha ilivyotoka kiwandani? Ile "reset".

#19 fundi_bila_koti

Dada, asifanye hivyo bado. Reset itafuta jina na paswedi, ataanza upya, na kama mawimbi hayafiki hatapata pa kuunganisha. Kwanza yako imepona?

Mwalimu, hii sasa ni ile ya mawimbi. 0.0.0.0 maana yake printa haijafika hata mlangoni kwa ruta. Ingekuwa 169.254 na kuendelea, ningesema imeingia lakini ruta haikuipa anwani. Yako haijaingia kabisa, na iko mita moja, kwa hiyo ukuta hauhusiki. Paswedi hujabadilisha.

Nina swali ambalo litaonekana la ajabu. Geuza printa, soma lebo ya nyuma. Inatumia umeme wa volti ngapi?

#20 mwl_wa_zamu

120V, 60Hz. Ndiyo, ninaitumia na transfoma, niliuziwa pamoja nayo. Lakini transfoma haina tatizo mkuu, umeme unafika vizuri na printa inawaka.

#21 fundi_bila_koti

Transfoma sina shida nayo. Nilitaka kujua printa ilikuwa ikiishi wapi kabla ya kuja kwako. Hiyo ni ya soko la Marekani.

Hapo ndipo penye ugonjwa, nina hakika kubwa. Bendi ya 2.4 imekatwa katika chaneli. Marekani vifaa vya kawaida vinatumia chaneli 1 mpaka 11. Huku kwetu, kama Ulaya, ni 1 mpaka 13. Printa iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani haisikii 12 na 13 kabisa, imezibwa kiwandani, na kubadilisha nchi au lugha kwenye menyu mara nyingi hakuizibui.

Ruta yako bila shaka chaneli yake imewekwa "Auto". Baadhi ya ruta zinachagua chaneli kila zinapowaka, zinatazama ipi ina msongamano mdogo. Mtaani kwako waifai zote zimejazana 1, 6 na 11. Kwa hiyo kuna siku inachagua 13, kwa sababu huko ni kweupe. Simu zenu mmezinunua hapa, zinasikia 13 vizuri tu. Printa inabaki inatafuta waifai isiyokuwepo kwa masikio yake.

Na ndiyo maana ukizima ruta na kuwasha, pengine inarudi. Hukuwa unaitengeneza. Ulikuwa unacheza bahati nasibu ya chaneli.

Thibitisha kabla hujabadilisha kitu: weka kwenye simu ya Android programu yoyote ya kupima waifai, itakuonyesha waifai yako iko chaneli gani sasa hivi, wakati taa bado inapepesa.

#22 Nahodha_wa_Pemba

Hii sijawahi kuisikia. Nasubiri majibu.

#23 dada_steshenari

Yangu imepona kaka fundi, kilikuwa kile kisanduku cha SNMP. Ahsante sana. Na mimi nakaa kusubiri majibu ya mwalimu.

#24 mwl_wa_zamu

Chaneli 13.

Nimeingia kwenye ruta, nimetoa Auto, nimeweka 6. Sikugusa printa. Haikupita dakika, taa imetulia yenyewe na kazi tatu zilizokuwa zimekwama kwenye foleni zimetoka mfululizo.

#25 kijana_wa_kitaa

Aisee. Sawa, usiuze.

#26 Nahodha_wa_Pemba

Fundi nakuvulia kofia. Swali: kwa nini 6, kwa nini si 9 au 10 ambazo watu hawazitumii?

#27 fundi_bila_koti

Kwa sababu chaneli zimepangwa karibu karibu, MHz 5 tu kati ya moja na nyingine, lakini waifai moja inakula kama MHz 20. Ukikaa 9 unagusana na wa 6 na wa 11 kwa wakati mmoja, unapokea kelele za pande zote. 1, 6 na 11 ndizo zisizogusana. Ukiwa chaneli moja na jirani, angalau vifaa vinasikilizana na kupokezana zamu. Ukiwa nusu nusu, hamsikilizani, mnapigiana kelele tu. Chagua kati ya hizo tatu ile ambayo majirani wake wako mbali zaidi.

Mwalimu, wakati upo humo kwenye ruta, upana wa chaneli ya 2.4 uweke MHz 20 kama umewekwa 40. Printa haihitaji kasi.

#28 mzee_wa_katriji

Nimeuchelewa uzi huu, ila niongeze kwa faida ya wanaonunua mtumba. Ukisoma lebo ya nyuma unajua mengi. 120V ni ya Marekani, hayo ya chaneli fundi ameshaeleza. 100V ni ya Japani, huko 13 wanaitumia, kwa hiyo upande wa waifai haina neno, ila menyu inaweza kuwa ya Kijapani mtupu. 220 mpaka 240V ni ya Ulaya au ya kwetu, unachomeka moja kwa moja. Muuzaji atakwambia zote ni sawa. Usibishane naye, geuza usome. Na hakikisha katriji yake inapatikana, maana kuna kampuni zinatenga katriji kwa kanda, ya hapa haikubali kwenye mashine ya kule.

#29 mwl_wa_zamu

Shikamoo mzee. Hilo la katriji limenigusa, tona iliyokuja nayo bado haijaisha.

#30 mzee_wa_katriji

Marahaba. Basi anza kuulizia mapema, kabla mitihani ya mwisho wa muhula haijakukuta.

#31 mwl_wa_zamu

Kuna jambo moja limebaki wakuu. Laptopu ya pili ni ya kazini kwa mke wangu. Nayo imepona, lakini kuna wakati ikiwa na kazi za ofisi haiioni printa, akimaliza inaiona. Sasa hivi printa iko 50, chaneli 6, simu zinaprinti.

#32 fundi_bila_koti

Muulize shemeji kama anawasha VPN ya ofisi, ile programu inayoiunganisha laptopu na mtandao wa kazini. Nyingi zimewekwa zipitishe kila kitu ofisini, hata kile kinachotafutwa nyumbani, hivyo laptopu inaenda kuitafuta 192.168.1.50 huko kazini. Akitaka kuprinti aizime kwa muda, aprinti, aiwashe. Au awaombe watu wa kompyuta wa ofisini waruhusu mtandao wa nyumbani. Nyie msiuchokonoe wenyewe, laptopu si yenu.

#33 mwl_wa_zamu

Ni VPN kweli. Sasa nafikiria kununua UPS ili umeme ukikatika kusiwe na kuzimika. Niichomeke printa na ruta pamoja?

#34 fundi_bila_koti

Ruta ndiyo, printa hapana. Printa ya leza ina hita ya kuyeyushia wino wa unga, inapopasha moto inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, wati mia kadhaa na nyingine zinapita elfu moja. UPS ndogo itazidiwa, italia na kuzima kila kitu, ruta ikiwemo.

Nunua zile ndogo za ruta, za volti 12, linganisha volti na ampea na adapta ya ruta yako kabla hujalipa. Printa iache ukutani na transfoma yake, na hiyo transfoma iangalie wati zake ni kubwa kuliko zilizoandikwa kwenye lebo ya printa. Ukiigusa baada ya kuprinti kurasa nyingi ukakuta inaunguza mkono, ni ndogo, badilisha.